Sanamu Niliyoivika Sufuria za Matanga

Rafiki zangu, aibu nyingine mtu anaimeza peke yake na inaisha, lakini yangu niliipata mbele ya parokia nzima, nikiwa nimevaa suti ya ndoa yangu na nimetoka kutoa hotuba, kwa hiyo siwezi kuificha hata nikitaka, maana ukifika mtaa wetu wa Ngezi leo ukauliza nyumba ya Kambale fundi wa sanamu, watakuuliza kwanza, "Kambale gani, ule wa sufuria?" na ndipo watakuonyesha njia huku wanacheka. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe, angalau kwa mdomo wangu nitajihurumia kidogo.

Mimi natengeneza sanamu kwa vitu vilivyotupwa. Mabidoni ya maji yaliyopasuka, minyororo ya pikipiki, makopo ya nyanya, chupa za plastiki hizi zinazoziba mitaro yetu mpaka mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani bila kupiga hodi. Niliianza kazi hii kabla ya mtu mwingine yeyote hapa Bunia (hilo naomba mlishike, maana watu wanalisahau upesi), na walinicheka, hata mke wangu Kavira alimwambia mama yake huko Butembo kwamba mume wake ameanza kuleta jalala ndani ya kiwanja badala ya kulipeleka nje. Nikavumilia. Pole pole walimu wakaanza kuleta wanafunzi waje kuangalia, na watu wakaanza kuniita Maître, yaani fundi mkuu. Neno hilo ni tamu, nisiwadanganye, ukilizoea huwezi tena kuitikia jina lako tupu.

Halafu akaja Dieudo.

Familia yake ilikimbia vita upande wa Djugu, ikapewa kipande cha kiwanja ng'ambo ya njia, mlango wake unatazamana na wangu. Alikuja mikono mitupu, akatundika bashi, turubai la plastiki, juu ya miti, akakaa chini yake akaanza kuzibia watu sufuria zilizotoboka na kushona viatu. Mimi mwenyewe nilimpa koleo lake la kwanza. Mimi mwenyewe nilimwonyesha namna ya kukunja waya bila kujichoma vidole, na yeye alikuwa akinisikiliza kwa heshima, "Ndiyo yaya, asante yaya," kama mtu anayemwitikia kaka yake mkubwa, nami nikamwona mtoto mzuri. Kumbe nilikuwa namfuga wa kunila.

Siku moja nikatoka nje asubuhi nikakuta chini ya bashi lile kuna ng'ombe. Ng'ombe jike, amegeuza shingo anamlamba ndama wake, mwili wote ni kandambili zilizochakaa, zimekatwa vipande vipande na kupangwa rangi kwa rangi mpaka unaona kabisa manyoya yanavyolala, na pembe ni za mpira wa gurudumu. Nilimzunguka ng'ombe yule nikitafuta kosa. Nikainama, nikatazama kwato, nikatazama mkia, nikarudi mbele nikatazama macho. Kosa sikuliona, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Maana kama ingekuwa mimi peke yangu nimemwona ningevumilia. Lakini watu walikuja. Akaja mzee mmoja kutoka kambi ya waliohama, akasimama mbele ya ng'ombe, akavua kofia, akatoa ule mlio wa kooni ambao wafugaji wanawaitia ng'ombe wao jioni, kisha akafuta macho na kwenda zake. Jamani, mbele ya sanamu zangu hakuna mtu aliyewahi kuvua kofia. Mbele ya sanamu zangu watu wanainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili, halafu wanauliza, "Maître, hii ni nini?"

Kavira naye (mke wa mtu anajua pa kugusa) akaniambia wakati ananiwekea bugali, "Dieudo iko na mikono."

"Na mi niko na nini, miguu?"

"Weye uko na kichwa, baba Grâce. Kula, chakula inapoa."

Kichwa. Nilikula, na sombe ile ya majani ya muhogo ikanikaa kifuani siku nzima. Kuanzia hapo kila sifa ya Dieudo ilikuwa inaniingia kama mwiba, nikisikia mtu anacheka kule kwake nadhani ananicheka mimi, nikiona mgeni anasimama njiani nangoja nione atageukia mlango gani, na akigeukia wa kwake naingia ndani na kufunga wangu, kana kwamba mlango ukifungwa kwa nguvu ng'ombe atakuwa mbaya.

Ndipo parokia ikatangaza maonyesho. Yalikuwa maonyesho ya vitu vilivyookolewa kwenye takataka, ili watu waone kwamba kitu kikichoka si lazima kife, na mgeni mmoja mkubwa wa mambo ya sanaa alikuwa atoke Kinshasa kuja kuchagua sanamu moja ambayo itasimama daima kwenye mlango wa sale mpya, ukumbi wa parokia, na jina la aliyeitengeneza litachongwa kwenye jiwe pembeni. Mlangoni, rafiki zangu. Kila harusi, kila mkutano, kila mtoto anayekwenda katekisimu atapita mbele ya jina lile. Nikaona jina la Dieudo limechongwa pale, nikaona na mimi napita mbele yake kila Jumapili mpaka nizeeke, na nikaapa kwamba hilo halitatokea nikiwa hai.

Nikaamua kutengeneza Mama Dunia. Mwanamke mkubwa, mrefu kupita mtu, mifupa yake nikaifanya kwa fremu ya pikipiki na chuma cha kitanda kibovu, kifua kwa bidoni, mikono kwa bomba za moshi. Ilikuwa imesimama vizuri lakini ilikuwa uchi, haina sketi, na sikuwa na kitu kinachong'aa cha kuivika. Nikihangaika hivyo, nikasikia kwamba Dieudo amekwenda Iga Barrière kutafuta mipira ya magurudumu kwa mjomba wake, na mke wake yuko sokoni. Nikachungulia. Pembeni ya bashi nikaona lundo la sufuria. Nyeusi kwa masizi, zingine zimetoboka, zingine hazina mikono, zimepinda, zimelala kifudifudi kwenye majani pamoja na mifuniko yake.

Sasa sikilizeni akili ya mtu mwenye wivu inavyokimbia. Nilijisemea: huyu naye amepata wazo la sufuria. Anataka kuongeza kitu kingine kikubwa zaidi ya ng'ombe. Na takataka, nikajisemea, haina mwenyewe, jalala la Bunia si shamba la baba yake, atakayeokota kwanza ndiye mwenye mali. (Kwamba ile haikuwa jalala bali ni kiwanja cha mtu, hilo sikujisemea.) Nikachukua toroli langu, nikavuka njia mchana kweupe, nikapakia zote, nikarudi. Watu walipita wakanisalimu, hakuna aliyeshangaa, maana Kambale kubeba takataka ni jambo la kila siku.

Kwa wale ambao hawajui desturi yetu, niwaeleze kitu ambacho mimi nilipaswa kukijua tangu utoto. Kwetu mtu akifa, watu wanakuja matangani wengi sana na lazima wale, na hakuna nyumba yenye sufuria za kutosha, kwa hiyo kila mama wa parokia anatoa ya kwake, na ili zisichanganyike kila mmoja anaweka alama yake chini ya sufuria: huyu anakwaruza kwa msumari, huyu anapaka verni ya kucha, huyu anatoboa tundu kwenye sikio. Matanga yakiisha, zilizoharibika zinapelekwa kwa fundi azizibe, halafu kila mama anageuza, anaangalia alama, anachukua yake. Wanawake wote wanajua. Watoto wanajua. Lakini mimi, mwanaume wa Ngezi, sufuria naijua ikiwa imejaa chakula, matako yake sikuwahi kuyatazama.

Nikafunga lango la mabati, nikaanza kazi. Nilizisugua kwa mchanga na majivu mpaka zikang'aa, na masizi yalipotoka nikaona zile alama, misalaba, nyota, vidoti vyekundu, nikafurahi kweli kweli, nikasema tazama, hata takataka ya Bunia ina urembo wake. Basi nikazigeuza, matako yote yakatazama nje, ili alama zionekane vizuri. Zingine nilizipiga nyundo zikawa bapa, chache (Mungu anisamehe) nilizikata kwa mkasi wa bati kuwa mikunjo ya sketi. Kichwa kikanikosesha raha, nikatafuta kitu cha duara kilicho safi, nikaingia jikoni nikachukua mfuniko mkubwa wa sufuria ya maharagi ya Kavira, bila kumwambia, maana nilitaka ashangae siku ya maonyesho. Alishangaa.

Siku moja wakati nagonga, Kavira akaja kwenye mlango wa kiwanja akasema, "Baba Grâce, bamama ya parokia beko banamufokea Dieudo pale inje. Inaonekana iko mu shida kubwa."

Mtu mwema angeuliza, shida gani. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha, nikashika nyundo vizuri zaidi, nikamjibu, "Shida yake iko yake." Na nikagonga siku hiyo kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena, hata wimbo nadhani niliimba.

Siku ya maonyesho sale ilijaa. Ng'ombe wa Dieudo alikuwa upande wa kushoto, Mama Dunia wangu upande wa kulia chini ya kitambaa, na Dieudo mwenyewe alikuwa amekonda, amesimama nyuma ya ng'ombe wake anaangalia chini, nikadhani ameogopa ukubwa wa kitambaa. Mgeni wa Kinshasa alimwangalia ng'ombe kwa muda mrefu mno. Nikaona ananyosha mkono kumgusa ndama, nikashindwa kungoja, nikaomba neno, nikavuta kitambaa, watu wakasema "Eeeh," na kwa kuwa Eeeh ile ilinilevya nikatoa hotuba. Nikasema vitu hivi vyote mnavyoviona vilitupwa. Nikasema hakuna aliyevitaka. Nikasema watu wa Bunia tuna ugonjwa wa kutupa, na hasa mama zetu, kitu kikitoboka kidogo tu wanakitupa, hawajui thamani ya kitu cha zamani, ni sisi wasanii tunaowafungua macho.

Kwenye mstari wa mbele alikaa Mama Régine, prezida wa wamama wa parokia, mtu mkubwa wa umri na wa mwili, ambaye hanyanyuki ovyo. Akanyanyuka. Akavaa miwani, akaja mpaka kwenye sketi ya Mama Dunia, akainama, akagonga sufuria moja kwa kidole.

"Kambale, mutoto wangu," akasema kwa upole, "hizi misalaba mbili za musumari zinaonyesha nini?"

Nikaona nafasi ya kujibu kama Maître. "Mama, hizo zinaonyesha mateso ya mama wa Ituri, anayebeba vita kwenye bega moja na njaa kwenye bega lingine."

"Hapana," akasema Mama Régine. "Zinaonyesha iko sufuria ya Mama Régine."

Kisha mama mwingine akasimama, "Na ile ya verni nyekundu iko yangu, nilipakaa mi mwenyewe," na mwingine, "Ile yenye tundu mu sikio iko ya marehemu dada yangu," na kabla sijajua nifanye nini walikuwa wamenizunguka, vitenge na vilemba pande zote, wanafungua waya kwa meno na kwa pini za nywele, na kila mmoja aligeuza ya kwake na kuikumbatia. Mama Régine alishika ya kwake juu ili watu wote waione.

"Hii mama yangu alinipatia siku ya ndoa," akasema. "Imezibwa hapa, na hapa, na hapa tena. Imepikia batu ya matanga tangu weye hauyazaliwa. Wiki hii tumezika, tumepika maharagi mu ndoo ya kuogea juu ya kukosa sufuria. Na weye unasema tuliitupa. Siye njo batu ya kufundishwa kutotupa bitu?"

Sketi ikaanguka. Mama Dunia akabaki chuma cha kitanda na fremu ya pikipiki, miguu myembamba, hana haya. Nikadhani imekwisha, nikamwona Kavira anakuja, taratibu, mke wangu wa ndoa, akapanda kwenye kiti, akakitoa kichwa. "Na mi ninakamata mufuniko yangu," akasema. "Maharagi nilikuwa nafunika na sahani."

Hapo watu wakacheka. Na hapo, rafiki zangu, ikatokea hatari ya kweli, maana mgeni wa Kinshasa alianza kupiga makofi. Macho yake yalikuwa yanawaka. Akasema kwa Kifaransa kwamba hajawahi kuona jambo lenye nguvu kama hili, sanamu inayorudisha vitu kwa wenyewe, mwanamke anayevuliwa na wanawake, kwamba hiyo ndiyo maana yenyewe ya kutotupa. Akanigeukia, sasa kwa Kiswahili. "Maître, mulipanga hivi pamoja na bamama?"

Nikatazama mlango wa sale. Nikaliona jiwe. Nikaliona jina langu limechongwa juu yake, na Dieudo anapita mbele yake kila Jumapili.

"Ndiyo," nikasema. "Tulipanga."

Mama Régine akaishusha sufuria yake. "Tulipanga?" akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa na upole. "Kama tulipanga, juu ya nini tulienda kumuita Dieudo mwizi mbele ya batoto yake? Siye tulimupatia sufuria azizibe, zikapotea, tukasema huyu mutu wa kukimbia vita ameuza bitu ya matanga. Mama mumoja alimutemea mate. Tulipanga na hiyo?"

Hakuna aliyecheka tena. Nikamtazama Dieudo, bado anaangalia chini, mkono wake umelala juu ya mgongo wa ng'ombe. Nikaelewa kwa nini amekonda. Nikaelewa kwamba nikishika ile ndiyo yangu nitapata mlango na jiwe, na yeye atabaki mtu ambaye huenda aliiba, maana neno la wizi likishamkaa mtu mgeni halitoki hata kwa sabuni. Niwaambie ukweli wote: bado nilifikiri kidogo. Wivu ni kitu kibaya sana.

"Hatukupanga," nikasema. "Mi njo nilizikamata, kwake, akiwa safarini. Yeye hana kosa."

Nilivua koti la suti, sijui kwa nini, nadhani joto. Wamama waliokuwa wamemtukana Dieudo wakaanza kumwendea mmoja mmoja, na yule aliyemtemea mate alikwenda wa kwanza akapiga magoti. Ng'ombe akachaguliwa, na ni haki, na iliniuma vilevile. Mimi nilihukumiwa na wamama papo hapo: nitafute sufuria mpya badala ya zile nilizozikata, na kila matanga ya parokia nibebe kuni na maji mpaka watakapochoka kunitazama. Hizo mpya waliziwekea alama ya jina langu, KAMBALE, kwa msumari, ili, Mama Régine alisema, nisizisahau.

Zilizobaki zilikuwa zimepinda, ikabidi zinyooshwe na kuzibwa upya, na fundi wa kuziba ni mmoja tu. Nikavuka njia na toroli langu, nikakaa chini ya bashi, nikashika sufuria yeye anagonga. Tulinyoosha sufuria moja baada ya nyingine. Hatimaye nikamwomba radhi, kwa maneno mengi na mabaya, nikachanganya na habari ya koleo niliyompa zamani, sijui ilihusu nini.

Dieudo akaendelea kugonga. "Yaya," akasema, "mi nilijua toka siku ya kwanza. Bati inalia yake sauti, na sufuria inalia yake. Nilisikia nyundo yako nyuma ya mabati."

"Ulijua? Na bamama beko banakutukana, haukusema?"

"Nilisema mu roho yangu, huyu ni yaya yangu, ataona haya, atazirudisha mwenyewe. Ngoja tumungojee." Akageuza sufuria, akaitazama kwenye mwanga kama bado ina tundu. "Shika vizuri, unatikisa."

Nilipaswa kulia, au kumkumbatia, mtu mwenye moyo safi angefanya hivyo. Mimi nilishika sufuria nikasikia wivu ule ule unarudi. Mtu amenishinda kwa ng'ombe, sasa amenishinda hata kwa uvumilivu, atuachie nini sisi wengine?

Basi, nimeapa na ninaishika ahadi yangu: siokoti tena kitu, hata kama ni ganda la ndizi, kabla sijauliza kwa sauti iko ya nani, na Bunia nzima imenizoea nikisimama juu ya majalala nauliza hivyo. Wivu sikuapa kuuacha, kwa sababu sipendi kusema uongo tena mbele za watu. Nikipita pale kwenye sale, anaposimama ng'ombe, napita upande wa pili wa barabara, natembea haraka, natazama mbele kama askari, lakini shingo, rafiki zangu, shingo inageuka yenyewe.